Mazembe ilizaliwa shuleni, na timu za shule zetu hazina mashabiki

Siku TP Mazembe inapocheza, Kasomeno inajua. Pale njia panda, ambapo barabara itokayo Lubumbashi inagawanyika, moja ikielekea Kasenga na mto Luapula, nyingine ikipanda kuelekea Kilwa na Pweto, redio zinafunguliwa kwa sauti kubwa, simu zinapita mkono kwa mkono ili watu waone matokeo, na kila mtu anageuka kuwa kocha. Wenye nyeusi na nyeupe ya Mazembe wanakaa upande huu, wenye njano na buluu ya Saint-Éloi Lupopo upande ule, na mabishano hayaishi mpaka usiku. Lubumbashi iko mbali, zaidi ya kilomita 100, lakini siku hiyo uwanja wa Kamalondo ni kama uko nyuma ya nyumba.

Tuulize basi swali dogo. Timu ya shule iliyo karibu nasi ilicheza lini mara ya mwisho? Ilicheza na nani? Golikipa wake ni mtoto wa nani? Wengi wetu hatuna jibu. Tunakumbuka namna Robert Kidiaba alivyokuwa akirukaruka kwa makalio kila Mazembe ilipofunga bao, lakini kijana wa jirani anayesimama golini kwa jina la shule yetu hatumjui hata kwa sura.

Hatuandiki haya ili kumkataza mtu kuipenda Mazembe au Lupopo. Upendo huo ni mali ya Katanga, na hakuna mwenye haki ya kuuchukua. Tunaandika kwa sababu timu hii tunayoililia na kuiimbia ilianza kama timu ya shule. Ikiwa sisi mashabiki tumesahau mahali ilipotoka, hatutashangaa siku ambayo shule zetu hazitatoa tena mtu.

Vijana wa Saint-Boniface

Mwaka 1939, mji wa Lubumbashi ulikuwa ungali unaitwa Élisabethville. Mapadri Wabenediktini waliokuwa wakiongoza Institut Saint-Boniface walitafuta kazi ya kuwapa wanafunzi wao ambao hawakuwa wakielekea upadri. Wakaunda timu ya kabumbu. Vijana wale walikuwa maskauti, na msimamizi wa maskauti ni Mtakatifu George, kwa hiyo timu ikapewa jina la Saint-Georges. Baadaye ikaitwa Saint-Paul. Mwaka 1944 mapadri waliacha kuiongoza, na timu ikachukua jina la Englebert, kampuni iliyokuwa ikitengeneza mipira ya magari. Mwaka 1966, baada ya msimu mzuri sana, likaongezwa neno Tout Puissant, yaani Mwenye Nguvu Zote. Jina la Englebert lilipoachwa, ikabaki Mazembe.

Kilichofuata kila mtoto wa Katanga anakijua. Mwaka 1967 na 1968, Kombe la vilabu bingwa vya Afrika lilikuja kwetu mara mbili mfululizo. Mwaka 2009 na 2010 likaja tena mara mbili mfululizo. Mwaka 2015 likaja kwa mara ya tano. Desemba 2010, kule Abu Dhabi, Mazembe iliifunga Internacional ya Brazili mabao 2 kwa 0 katika nusu fainali ya Kombe la Dunia la vilabu. Mbele ya siku hiyo hakuna timu ya Afrika iliyokuwa imewahi kufika fainali ya kombe hilo.

Tusome tena historia hiyo kutoka mwanzo. Mwanzo wake haukuwa tajiri wala kampuni. Ulikuwa darasa, uwanja wa shule, mpira mmoja na mwalimu aliyekubali kupoteza saa zake za jioni. Fedha zilikuja baadaye, na zilifanya kazi kubwa, hasa tangu Moïse Katumbi aliposhika uongozi wa klabu mwaka 1997. Hata yeye ni mtoto wa upande huu wetu, mzaliwa wa Kashobwe, pale ukingoni mwa Luapula, katika teritware hii ya Kasenga. Lakini fedha zilikuta timu ambayo tayari ilikuwa na jina na watu, na watu hao wa kwanza walikuwa wanafunzi waliosimama kando ya uwanja kuwashangilia wenzao wa darasa.

Lupopo nayo ilizaliwa mwaka huo huo wa 1939, nayo ina jina la mtakatifu, Eligi, msimamizi wa wafua vyuma. Ilikuwa timu ya watu wa reli, na mpaka leo mashabiki wake wanaitwa Cheminots. Kwa hiyo, timu zote mbili zinazotugawa siku ya debi zilitoka mahali ambapo watu waliishi na kufanya kazi pamoja. Shabiki alimjua mchezaji, na mchezaji alimjua mama wa shabiki.

Kamba iliyokatika

Tangu mapadri walipoiacha timu, kamba iliyofunga timu na shule ilikatika polepole, na hakuna aliyeifunga tena. Leo tuna ushabiki mkubwa sana juu, na chini hakuna kitu. Kijana wa Kasomeno anayejua kucheza hana ngazi ya kupanda. Shule yake ina timu kwa jina tu, inayokusanywa siku moja mbele ya mechi, bila viatu, bila kocha, na mara nyingi bila mpira mzuri. Akitaka kuonekana, sharti aende Lubumbashi kutafuta mtu wa kumjua. Wengi hawaendi. Wanakwenda kwenye machimbo, au kwenye uvuvi, au kwenye pikipiki, na masomo yanaishia hapo.

Jambo hili ni kubwa kuliko kabumbu. Tangu Septemba 2019, masomo ya shule za msingi za serikali ni ya bure. Watoto wamejaa madarasani, na hilo ni jambo jema. Lakini kumwingiza mtoto darasani ni kazi moja, na kumfanya abaki mpaka amalize sekondari ni kazi nyingine. Mwalimu yeyote wa huku atakuambia kwamba mtoto wa miaka kumi na tatu au kumi na nne ndiye anayepotea. Ana nguvu za kubeba mfuko, anaona wenzake wakirudi na fedha mkononi, na shuleni haoni kitu kinachomwita kwa jina. Timu inaweza kuwa kitu hicho. Mtoto anayejua kwamba Jumatano mchana watu wa kijiji watakuja kumwona amevaa rangi za shule, Jumatano asubuhi atakuwa darasani.

Kuna watakaosema kwamba shule inahitaji kwanza vitabu, madawati na mishahara ya walimu. Wanasema kweli, na sisi tutaendelea kuyadai hayo. Lakini mashabiki hawalipwi mshahara. Kusimama kando ya uwanja wa shule saa mbili kwa juma hakuondoi dawati hata moja darasani. Kinyume chake, watu wakizoea kuja shuleni kwa ajili ya mechi, wataona paa linalovuja, watajua ni mwalimu gani hayupo, watauliza fedha za shule zinakwenda wapi. Shule isiyo na watu wanaoipenda haina mtetezi.

Wenzetu wanafanyaje

Hatuhitaji kwenda mbali kutafuta mfano. Kule Uganda, kwenye barabara ya kutoka Kampala kwenda Entebbe, kuna shule ya sekondari ya St. Mary's Kitende. Lawrence Mulindwa, mwenye shule hiyo, ndiye pia mwenye klabu ya Vipers, na uwanja wa Vipers umejengwa pale pale penye shule. Oktoba 2022, Vipers ilikutana na Mazembe katika Ligi ya Mabingwa ya Afrika. Mechi mbili ziliisha bila bao, na Vipers ikashinda kwa penalti hapa hapa Lubumbashi. Siku ile wengi walilia wakasema tumetolewa na timu ndogo. Hatukujiuliza vya kutosha kwa nini timu hiyo ndogo ina shule nyuma yake, na sisi tuliotoka shuleni hatuna.

Huko Marekani ushabiki wa timu za vyuo ni kama dini. Chuo kikuu cha Michigan kina uwanja wa watu zaidi ya 100,000, na unajaa kwa ajili ya mechi ya wanafunzi. Wako watu wanaoipenda timu ya chuo ambacho wao wenyewe hawakusoma, kwa sababu ni chuo cha jimbo lao, au kwa sababu baba yao aliipenda. Hatuna fedha za Marekani, na wao pia wana matatizo yao, maana fedha zimeingia sana katika michezo hiyo. Lakini kuna Mkongomani mmoja aliyetuonyesha faida ya mfumo ule, naye ni Dikembe Mutombo.

Mutombo alifika chuo kikuu cha Georgetown, Washington, mwaka 1987, akiwa na nia ya kusomea udaktari. Alikuwa mrefu mno asiweze kufichika, na kocha John Thompson akamwingiza katika timu ya mpira wa kikapu. Mashabiki wa chuo walimpenda kwa namna alivyozuia mipira ya wapinzani, na wakawa wanahesabu kila mpira aliouzuia. Mwaka 1991 alitoka pale na shahada yake mkononi, mbele ya kuingia katika ligi ya kulipwa ya NBA. Baadaye alijenga hospitali Kinshasa kwa jina la mama yake, Biamba Marie Mutombo, na shule upande wa Mbuji-Mayi. Alipofariki tarehe 30 Septemba 2024, Wakongomani hawakumlilia mchezaji tu. Walimlilia mtu aliyesoma, akacheza, kisha akarudi kujenga. Timu yake ya kwanza kubwa ilikuwa timu ya shule, na shule haikumwachilia aende bila kumfundisha.

Ushabiki unaoharibu

Kuna sababu nyingine ya kutaka mashabiki warudi shuleni, na sababu hiyo ni chungu. Tarehe 18 Desemba 2010, Mazembe ilifungwa na Inter ya Italia mabao 3 kwa 0 katika fainali ile ya Abu Dhabi. Ilikuwa heshima kubwa kufika pale. Lakini hapa Lubumbashi watu waliingia barabarani kwa hasira, na maduka ya Wachina yakashambuliwa. Kosa la Wachina lilikuwa nini? Refa wa mechi alikuwa Yuichi Nishimura, na yeye ni Mjapani. Watu waliharibu mali ya jirani asiye na hatia kwa sababu walidhani anafanana na refa. Siku ambayo ingekuwa ya fahari kwa Katanga ilibaki na doa.

Tarehe 11 Mei 2014, kule Kinshasa, katika uwanja wa Tata Raphaël, mechi ya Vita Club na Mazembe iliisha kwa fujo, na watu 15 wakafa katika msongamano. Walikwenda kuangalia mpira, hawakurudi nyumbani. Tunapotaja vifo hivyo hatuwalaumu mashabiki peke yao. Milango, polisi na waandalizi nao wana hesabu ya kutoa. Lakini ni lazima tukubali kwamba tumejifunza kushabikia kutoka mbali, katika kundi kubwa ambamo hakuna anayemjua mwenzake, na ambamo upande wa pili ni adui tu.

Kando ya uwanja wa shule ni vigumu kushabikia hivyo. Golikipa wa timu nyingine ni mtoto wa shangazi yako. Refa ni mwalimu aliyekufundisha kusoma. Ukimtukana, kesho utakutana naye sokoni. Hapo ndipo mtu anajifunza kushindwa na kupeana mkono. Mtu aliyejifunza hilo akiwa na miaka kumi na miwili hatachoma duka la mtu akiwa na miaka thelathini.

Mambo matano yanayowezekana

Kwanza, kiwanja. Shule bila uwanja haiwezi kuwa na timu. Katika miji yetu tunaona viwanja vya shule vikikatwa vipande na kujengwa maduka na nyumba, na Kasomeno inavyokua kwa sababu ya barabara, hamu ya ardhi itaongezeka. Tunaomba viongozi wa teritware ya Kasenga na wa jimbo la Haut-Katanga wapime viwanja vya shule zote, waweke alama, na watoe hati. Machifu na kamati za wazazi walinde alama hizo. Uwanja ukishauzwa haurudi.

Pili, kalenda. Mechi za shule zipangwe siku moja inayojulikana, ile ile kila juma, na zitangazwe kanisani, msikitini, sokoni na katika redio za jamii. Watu hawaji kwa sababu hawajui. Redio inayotoa saa nzima kuzungumza juu ya Mazembe inaweza kutoa dakika kumi kwa matokeo ya shule. Mtoto akisikia jina lake redioni hatalisahau maisha yake yote, na mama yake pia hatalisahau. Sisi waandishi tuanze kulipa deni hilo.

Tatu, sheria ya timu. Anayecheza ni mwanafunzi, tena mwanafunzi anayehudhuria. Kila anayefuata michezo ya shule anajua ujanja uliopo: kijana wa miaka ishirini na miwili, aliyeacha masomo zamani, anapewa jezi siku ya fainali ili kombe lije kwetu. Prefe ananyamaza, wazazi wananyamaza, mashabiki wanapiga makofi. Huo ni wizi, na anayeibiwa ni mtoto wa darasa la nne aliyefanya mazoezi mwaka mzima na kuishia kubeba maji. Shabiki wa kweli wa shule ndiye awe wa kwanza kusema: huyu simtambui, mtoeni.

Nne, wasichana. Novemba 2024, kule Moroko, timu ya wanawake ya Mazembe iliifunga ASFAR bao 1 kwa 0 na kuchukua Ligi ya Mabingwa ya Afrika ya wanawake. Ni ubingwa wa bara zima, na uliletwa na mabinti. Lakini katika shule zetu nyingi, msichana akiomba mpira anaambiwa aende kuteka maji. Timu ya shule ina maana ya timu mbili. Wazazi wanaoogopa kwamba kabumbu itamharibu binti yao waje kando ya uwanja waone wenyewe. Binti anayeangaliwa na kijiji kizima yuko salama kuliko binti ambaye hakuna anayejua alipo mchana.

Tano, wenye nguvu. Klabu zetu kubwa na makampuni ya migodi hupenda kupiga picha wakitoa jezi. Jezi ni nzuri, lakini inachakaa kwa mwaka mmoja. Tunawaomba walichofanya mapadri wa Saint-Boniface: waweke mtu. Kocha mmoja aliyefundishwa vizuri, anayezunguka shule tano kwa juma, ana faida kuliko malori mawili ya jezi. Mazembe ina sababu ya pekee ya kufanya hivyo, maana itakuwa inarudi nyumbani kwake.

Kwa shabiki mwenyewe

Yote hayo yanaweza kuchelewa. Hati zinachukua miaka, makampuni yana mipango yao. Lakini jambo moja halingojei waziri wala gavana. Kila shabiki, awe wa Mazembe au wa Lupopo, achague shule moja: ile aliyosoma, au ile wanayosoma watoto wake, au ile iliyo karibu na nyumba yake. Ajue rangi zake. Ajue jina la kapteni wa wavulana na la kapteni wa wasichana. Siku ya mechi aende, asimame, aimbe zile nyimbo anazozijua kutoka Kamalondo, akibadilisha jina la timu. Ikiwezekana, mashabiki kumi wachange kidogo kidogo wanunue mpira mmoja kwa muhula. Fedha ambazo mtu anazitupa kwa kubeti matokeo ya timu za Ulaya zingetosha.

Na timu ikifungwa, arudi juma linalofuata. Huo ndio ushabiki. Mashabiki wa Mazembe waliopita miaka mingi bila kombe la Afrika, tangu lile la washindi la mwaka 1980 hadi 2009, wanajua kungoja kuna maana gani. Walirithisha upendo huo kwa watoto wao wakati hakukuwa na kitu cha kushangilia.

Vijana wa mwaka 1939 hawakujua kwamba wanaanzisha bingwa wa Afrika. Walicheza kwa sababu walikuwa na uwanja, mwalimu, na wenzao waliokuja kuwaangalia. Septemba mwaka mpya wa masomo utafunguliwa tena Kasomeno, Kasenga, Kashobwe na mitaa yote ya Lubumbashi. Timu zitaundwa katika juma la pili au la tatu. Tuko na muda wa kumuuliza prefe swali moja: mechi ya kwanza ni lini?